Akiwa bado anauliza: namna ya kutambua dalili za mwanzo za saikosisi ukiwa nyumbani

Watu huja kwangu baada ya magharibi. Nakaa Makorora hapa Tanga, nyumba yenye baraza na benchi moja la mbao lililowekewa tofali chini ya mguu mmoja. Anayekuja kwa jambo la kawaida hupiga hodi akasema shida yake. Anayekuja kwa jambo hili hukaa kwanza. Ataulizia mgongo wangu, ataulizia bei ya samaki kule Deep Sea, atalalamikia umeme, na adhana ya isha ikianza ndipo anainama na kusema: "Bibi, mtoto wangu amebadilika."

Nilikuwa muuguzi wa wodi ya akili miaka 27 kabla sijastaafu, na neno hilo, "amebadilika", naliheshimu kuliko maneno mengi ya vitabuni. Saikosisi haina kipimo cha damu cha kuithibitisha, wala picha ya kichwa haitakuonyesha kuwa hii hapa. Damu hupimwa ili kuondoa magonjwa mengine yanayofanana nayo. Kinachobaki ni masimulizi: mtu huyu alikuwaje, sasa yukoje, na mambo yalianza lini. Daktari wa kliniki atakaa naye nusu saa, ukibahatika. Wewe umekaa naye miaka ishirini. Ushahidi unao, ila umetawanyika kama shanga zilizokatika uzi.

Tuelewane kwanza kuhusu neno lenyewe. Saikosisi ni hali, siyo jina la ugonjwa mmoja. Ichukulie kama homa, ambayo huletwa na malaria, na nimonia, na hata jipu. Aliyepatwa na saikosisi hupoteza mpaka kati ya kinachotoka kichwani mwake na kinachotoka nje. Husikia sauti ambazo wenzake hawazisikii, au hushikilia jambo ambalo hata umletee ushahidi wa namna gani halimtoki, au maneno yake huruka tawi hadi tawi mpaka msikilizaji apotee. Skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao saikosisi ndiyo sura yake kuu, huileta; baipola, ule wa kupanda na kushuka mno kwa hali ya moyo, huileta; sonona kali, yaani huzuni nzito isiyoondoka, huweza kuileta, na bangi, na uzazi. Mara nyingi huanza kati ya mwisho wa ujana na miaka ya ishirini na kitu, wanaume wakitangulia kidogo.

Na haianzi siku anayovua shati katikati ya soko la Mgandini. Hiyo ni siku ambayo majirani walijua.

Nilichokiona nisikione

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mtoto wa mdogo wangu, nitamwita Hamza ingawa siyo jina lake, alikuwa na miaka 19 na anajifunza ufundi wa baiskeli kwa mzee mmoja Ngamiani. Mnaoijua Tanga mnajua kuwa baiskeli kwetu siyo mchezo. Fundi mzuri halali njaa, na huyu alikuwa na mkono. Jioni moja akapita kunisalimia. Shikamoo mamkubwa, marahaba mwanangu, nikamtengea chai na vitumbua. Akanywa kimya. Kisha akauliza: "Mamkubwa, kwa nini wakifika hapa kwako wanapiga kengele mara mbili?"

Nikamwambia hapa pana kona, wanapiga wasigongane. Akanitazama kama mtu aliyeuliza jambo la kikubwa akapewa jibu la kitoto. Kitumbua cha pili hakukimaliza.

Mimi, mwenye miaka yangu 27 wodini, nikaosha vikombe nikaenda kulala.

Miezi saba baadaye, wakati wa sala ya Ijumaa, watu walitoka msikitini wakamkuta ameng'oa kengele kumi na nne kutoka kwenye baiskeli zilizoegeshwa nje. Wakadhani mwizi. Walimpiga kabla mtu mmoja hajatambua kwamba kengele zote zilikuwa pale pale, amezipanga mstari chini ya mwarobaini, na yeye amechuchumaa mbele yake anazitazama, hakimbii.

Tulipokaa na mdogo wangu kurudi nyuma, tuliyaokota haya. Alikuwa hatoki tena kwenda kucheza mpira. Wateja walikuwa wakirudisha baiskeli, breki hazijakazwa, na huyu ni kijana ambaye zamani alikaza nati mpaka mwalimu wake akamwambia inatosha. Alihamisha godoro kutoka dirishani. Usiku alikuwa macho, mchana analala. Harusi ya dada yake ilipita yeye amekaa tu, hakufurahi wala hakukasirika, uso umepoa kama chai iliyosahauliwa. Na mara mbili alimwambia mama yake, "Kuna kitu kinapangwa." Mama yake akadhani anazungumzia siasa.

Kila moja lilikuwa na maelezo yake: kijana amechoka, msichana kamkataa, ni hasira za umri. Nasi tulikuwa tunayatazama moja moja.

Mlinganishe na yeye mwenyewe

Kosa la kwanza la familia nyingi ni kumlinganisha na watoto wa jirani. Mtu aliyezaliwa mpole akiwa mpole, hakuna habari. Mcheshi wa kijiwe cha kahawa akianza kukaa chumbani wiki tatu, hapo pana habari hata kama bado anaongea kuliko yule mpole. Kipimo chake ni yeye wa mwaka jana.

Mimi hutazama usingizi kwanza, kwa sababu ndiyo huvurugika mapema na ndiyo rahisi kuuhesabu. Kisha kazi au shule: anashuka? Kisha watu: amewaacha marafiki gani, na tangu lini? Kisha mwili: kuoga, kula, kuvaa. Mabadiliko haya peke yake hayasemi saikosisi. Sonona huyaleta, kuachwa huyaleta, deni huyaleta, na ujana wenyewe una vituko vyake. Yanakwambia tu kwamba kuna kitu, ongeza macho.

Kinachosogeza kidole kwenye saikosisi ni pale mambo ya kawaida yanapoanza kuwa na maana maalumu kwake yeye: kengele inampigia yeye, mtangazaji wa redio anamsema yeye, watu wawili wakicheka ng'ambo ya barabara wanamcheka yeye. Au sauti zinakuwa kali na rangi zinakuwa kali, kelele ambazo zamani hakuzijali sasa anaziba masikio. Au anahisi mawazo yake yanasomwa, au siyo yake. Au sentensi inaanzia kwenye mkonge inaishia kwenye malaika, na ukimuuliza uhusiano wake anashangaa kwamba wewe huuoni.

Mlango

Dalili hizi zina ngazi, na ngazi ndizo muhimu. Nawafundisha watu kwa mlango.

Mlango ukiwa wazi, mtu anasema: "Leo nilihisi kama kila mtu ananitazama, hivi nimechafuka?" Ukimwambia hapana, anacheka, yamekwisha. Hilo humtokea kila mtu.

Mlango ukiegeshwa, hisia hiyo inamrudia mara kwa mara, inamtisha, lakini bado kuna upenyo. Anasema "labda ni mawazo yangu tu". Anauliza. Hamza kwenye benchi langu alikuwa hapo: aliniuliza. Swali lake lilikuwa upenyo, nami nikaufunga kwa jibu la kona ya barabara.

Mlango ukifungwa, haulizi tena. Anajua. Ukibisha, unakuwa mmoja wa wale wanaompangia.

Kazi yako ni kumpeleka akapimwe mlango ukiwa umeegeshwa. Tiba huenda vizuri zaidi kadiri muda kati ya dalili kamili na dawa ya kwanza unavyokuwa mfupi, na mtu anayeuliza hukubali kwenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe. Aliyefunga hubebwa.

Hili siyo wazo langu la barazani. Mwaka 1994 madaktari wa Melbourne kule Australia walifungua kliniki ya vijana ambao bado hawajaugua kikamilifu. Walikuwa wakiwapokea kwa njia tatu: wenye dalili hafifu zilizoanza karibuni, wenye dalili kamili zilizodumu chini ya wiki moja zikaondoka zenyewe, na wenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua, huku na wao wakiwa wameshuka ghafla kimaisha. Tafiti zilizofuata, nchi mbalimbali, zinaonyesha kwamba kati ya vijana wa aina hii ni kama robo tu wanaofikia saikosisi ndani ya miaka mitatu. Wengi hawafiki. Kwa hiyo usimtangaze mtoto mtaani kuwa anarukwa na akili kwa sababu umeona mlango umeegeshwa.

Kuhusu damu ya ukoo, maana huulizwa kila mara: skizofrenia humpata kama mtu mmoja katika mia, na mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua, kama mmoja katika kumi. Tisa hawaupati. Nimeona posa zikivunjwa kwa sababu ya yule mmoja.

Daftari

Nunua daftari la shule, la kurasa 40 linatosha. Andika tarehe, saa, ulichokiona na alichokisema kwa maneno yake. Usiandike maoni yako. "Amekuwa mkorofi" haimsaidii daktari. Haya hapa yanamsaidia. Ni ya mama mmoja aliyekuja kutoka upande wa Pongwe, nimebadilisha yanayomtambulisha binti:

Jumamosi. Kalala saa kumi alfajiri, kaamka saa nne. Hakula.
Jumatatu. Hakwenda chuo. Kasema njiani wanamjua. Nikamuuliza nani, akasema "wenyewe".
Jumatano. Kaoga baada ya kuambiwa mara tatu. Kapika wali vizuri, kacheka na mdogo wake.
Alhamisi. Kafunika kioo cha kabati kwa kanga.
Jumapili. Kaniuliza kama na mimi nasikia watu wanaongea darini. Nikasema sisikii. Akasema labda ni panya.

Tazama Jumatano. Watu wengi siku nzuri hawaiandiki, wakidhani inaharibu ushahidi. Iandike, daktari anataka kujua kama dalili zinakuja na kuondoka au zimetulia humo humo. Na tazama "labda ni panya". Mlango umeegeshwa, bado kidogo tu ufungwe. Nilimwambia mama yule asingoje wiki ya pili. Walikwenda, ikaonekana ni sonona iliyokuwa imemla muda mrefu na usingizi uliovurugika, akatibiwa hiyo, na watu wa darini wakahama.

Andika kwa wiki mbili, siyo zaidi, ukiwa hujaona hatari yoyote. Daftari lisiwe kisingizio cha kusubiri. Na usiliache mezani akalisoma. Mtu anayeshuku kwamba anafuatiliwa akikuta unaandika nyendo zake, amepata uthibitisho.

Namna ya kuuliza

Usimkalishe sebuleni mbele ya baba, shangazi na mjomba aliyetoka Muheza. Hicho ni kikao cha mashtaka. Tafuta kazi ya mikono: kumenya machungwa, kuchambua mchele, kutengeneza tairi. Kaeni ubavu kwa ubavu, siyo uso kwa uso, mchana, redio imezimwa. Anza na usingizi, maana usingizi hauna aibu: "Naona taa yako inakesha. Unalala kweli?" Mara nyingi hapo hapo anaanza mwenyewe.

Ukifika kwenye sauti, mpe njia: "Mtu akikosa usingizi siku nyingi wakati mwingine husikia kama anaitwa, hakuna mtu. Wewe imekutokea?" Unamwambia kweli. Kusikia jina lako ukiwa unasinzia ni kawaida. Mjane ndani ya eda kusikia kikohozi cha marehemu chumbani ni kawaida pia, wengi hawasemi tu. Kinachotofautiana ni sauti inayokuja akiwa macho kabisa, inayojirudia, inayomsema au kumwamuru.

Akikueleza jambo la ajabu, usibishane na usikubaliane. "Acha upuuzi" inamfunga mdomo. "Ndiyo, hata mimi nawaona" ni uongo utakaokurudia. Sema: "Mimi sikusikia. Lakini naona linakutesa. Hebu nieleze lilivyo." Kisha uliza mambo matatu: linakuja mara ngapi, ana hakika kiasi gani kwamba ni kweli, na amefanya nini kwa sababu yake. La tatu ndilo zito. Anayehisi anafuatwa lakini anakwenda kazini ni tofauti na anayehisi anafuatwa akaanza kulala na panga.

Na uliza kuhusu kifo, waziwazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Najua ulimi unakuwa mzito. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Aliye nalo hupata nafuu kwamba mtu ameuliza. Uliza pia kama sauti zinamwamuru kujidhuru au kumdhuru mtu, na kama amewahi kuzitii.

Kuna madodoso ya kitaalamu. Mojawapo lililotengenezwa Uholanzi lina maswali 16 ya ndiyo na hapana, na anayekubali sita au zaidi anatumwa kwa daktari akachunguzwe kwa kina. Yana kazi yake kliniki. Barazani siyatumii, mtoto wa watu akiona karatasi ya kuweka tiki anadhani ni sensa.

Majini, kombe na ngoma

Hatuwezi kuzungumzia Tanga tukaruka hapa. Sibezi. Mama yangu alikunywa kombe, aya zilizoandikwa kisha zikaoshwa kwa maji, nami niliandikiwa nikiwa mdogo, na sijaona ubaya wa dua. Swali ninalouliza ni hili: je, hii hali ina mlango wake wa kuingilia na wa kutokea?

Mwanamke anayepandisha majini kwenye ngoma hupanda ngoma ikilia, mbele ya watu wanaoijua hali hiyo, wana jina lake na namna ya kuituliza. Inaisha. Kesho asubuhi yuko jikoni anakaanga vitumbua na hesabu za chenji hazimchanganyi. Anayeugua huwa hana ratiba hiyo. Yuko peke yake, hali haina mwisho, kazi inashuka, na wenye mambo yao wenyewe wakimtazama wanatikisa kichwa. Huwa nawaambia watu: muulizeni mganga au shehe wenu, "Hii ni ya kwenu?" Utashangaa wangapi ni wakweli. Shehe mmoja aliyemsomea Hamza alifunga msahafu akasema, "Huyu nitamwombea, lakini mpelekeni hospitali ya Bombo kesho." Nitamshukuru mpaka naingia kaburini.

Kisomo na kliniki vinaweza kwenda pamoja. Ninachokataa ni kamba, minyororo, viboko, kufukizwa mpaka anazimia, kunyimwa chakula, na kuambiwa aache dawa za hospitali ili ya mganga ifanye kazi.

Yanayojifanya saikosisi

Hali ikianza kwa saa au siku mbili tatu, pamoja na homa, hiyo ni ya mwili mpaka ithibitishwe vinginevyo: malaria kali, homa ya uti wa mgongo, sukari kushuka, pombe iliyokatwa ghafla kwa mlevi wa miaka. Mtu huyu huwa amevurugika fahamu yenyewe. Mwambie ataje siku za wiki kinyumenyume, Ijumaa, Alhamisi, Jumatano, mpaka Jumamosi. Anayeanza saikosisi mara nyingi ataziweza, huku akikushangaa. Aliyevurugwa na homa atapotea kwenye Jumanne, na saa moja baadaye ataziweza, kisha atapotea tena. Huyo ni wa hospitali usiku huo huo.

Mzazi aliye ndani ya arobaini akikosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, akaanza kusema mambo yasiyoeleweka au kumwogopa mtoto wake, usisubiri arobaini itimie. Ni dharura, na kumwacha peke yake na mtoto ni hatari kwa wote wawili. Inatibika vizuri, nimewaona wengi wakirudi kuwa mama wale wale wa zamani.

Orodhesha dawa zote anazotumia, uende nazo. Steroidi na baadhi ya dawa za kifua kikuu huweza kuvuruga akili. Usimwachishe wewe. Sema pia kama ana kifafa, au aliwahi kugongwa kichwa.

Halafu bangi. Ni kweli inaweza kuleta saikosisi, na inaharakisha kwa mwenye mwelekeo, hasa anayeanza akiwa mdogo na kuvuta kila siku. Mirungi nayo ina sehemu yake. Lakini "ni bangi tu" ni sentensi iliyochelewesha watoto wengi. Bangi ikiwa ndiyo chanzo peke yake, dalili kwa kawaida huondoka ndani ya mwezi mmoja baada ya kuacha. Usitumie mwezi huo kukaa nyumbani kumtukana. Mpeleke, waambie ukweli wa anachovuta, waamue wao. Muuguzi haiti polisi kwa sababu ya msokoto.

Usilale nalo

Anasema anataka kufa, au ameanza kugawa vitu vyake. Sauti zinamwamuru. Amebeba silaha kwa kujilinda na "wao". Amekataa maji na chakula akidhani vimetiwa sumu. Hajalala siku tatu. Ana homa au amezimia. Ni mzazi wa juzi. Lolote katika haya, weka daftari chini, tafuta usafiri. Ondoa visu, dawa na sumu za panya, mtu mmoja mtulivu akae naye, wengine watoke. Ikiwa hakubali kabisa, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ina utaratibu wa kumpokea mgonjwa asiyeridhia. Uliza hospitali au ofisi ya ustawi wa jamii. Bodaboda moja na wanaume wanne wa mtaa wenye hasira siyo utaratibu.

Siku ya kwanza kliniki

Kama siyo dharura, anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, upate rufaa. Kwa mjini hapa rufaa huishia Bombo, hospitali ya mkoa. Walioko Korogwe na milimani wanaijua Lutindi, hospitali ya akili ya Walutheri iliyopo tangu enzi za Wajerumani. Ukishindwa gharama, ulizia msamaha kwa afisa wa ustawi wa jamii kabla hujarudi nyumbani.

Angalia unachosema dirishani. Mara ya kwanza mdogo wangu alimpeleka Hamza kituo kimoja, sikitaji, kabla ya mambo ya kengele, akasema kwa aibu, "Kichwa kinamsumbua." Wakaandika kichwa kinamuuma. Wakampima malaria, hakuna malaria, wakampa dawa ya malaria na panadol. Tukapoteza wiki kadhaa kwa adabu ya lugha. Sema hivi: "Anasikia sauti. Anaamini anafuatiliwa. Ilianza mwezi wa nne. Nimeandika." Kisha toa daftari.

Nenda na mtu wa pili, chupa ya maji na kitu cha kula, foleni ni ndefu na mgonjwa mwenye njaa huondoka. Ukipewa dawa, uliza itaanza kufanya kazi lini: usingizi hutengemaa mapema, sauti huchukua wiki. Baada ya dawa za saikosisi kama haloperidol, shingo ikikakamaa au macho yakigeuka juu, rudi siku hiyo hiyo. Inatisha lakini ina dawa yake. Usikatishe dozi kwa sababu amepata nafuu, na usinunue nyingine duka la dawa kwa ushauri wa jirani.

Kila mtu ana dalili yake ya kurudiwa, na huwa ni ile ile iliyotangulia mwanzo. Iandike ukurasa wa kwanza, na mgonjwa mwenyewe akiwa mzima aiandike pamoja nawe. Ya Hamza ni kengele. Amerudi kwenye ufundi, anakaza breki kama zamani, ila kengele hafungi. Mteja anayetaka kengele anamwachia mzee. Mwaka jana, mwezi wa pili, alikuja jioni, shikamoo mamkubwa, nikamtengea chai. Akakaa. Kisha akauliza nani yule aliyepita sasa hivi.

Nikamwambia, "Sikumwona. Umesikia nini?" Akasema kengele, mara mbili, halafu akasema labda haikuwa kengele. Nikamuuliza amelala saa ngapi wiki hii, akahesabu kwa vidole, zikawa chache. Tukaenda kliniki Jumatatu, wote wawili kwa miguu. Daktari akagundua amekuwa akiruka dozi za usiku kwa sababu zinamchelewesha kuamka kazini, akampangia upya saa ya kumeza. Alhamisi mama yake akanipigia kuniambia amelala tangu saa tatu na bado anakoroma.